Ghala la Bujumbura na lawama za Mwaloni

Juni 19, 2025 daraja la Kigongo–Busisi, juu ya Ziwa Victoria mkoani Mwanza, lilifunguliwa. Kilomita tatu za maji ambazo lori lilizivuka kwa kusubiri kivuko, na siku mbaya kusubiri sana, sasa zinapitwa kwa dakika chache. CCECC ya China, moja ya kampuni mbili zilizolijenga, haikuja Tanzania juzi: chimbuko lake ni idara ya Wizara ya Reli ya China iliyojenga TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, kati ya 1970 na 1975. Iliingia kwa mlango wa msaada, ikabaki kwa mlango wa zabuni. Huku kandoni mwa ziwa hakuna anayeshangaa kuona kampuni ya nchi inayoinukia kiuchumi ikitoka kwao kutafuta soko. Mshangao unaanza pale anayetoka anapokuwa wa kwetu.

Juu ya daraja hilohilo yanapita malori ya dagaa na kayabo, samaki wa kukaushwa kwa chumvi, kutoka Mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza, yakishika Geita hadi Nyakanazi, kisha mpaka wa Kabanga kwa yanayokwenda Burundi au wa Rusumo kwa yanayokwenda Rwanda. Wapo wafanyabiashara wa mtaji wa kati ambao hawaridhiki tena na kupakia tu. Wanakodi ghala upande wa pili, wanasajili kampuni huko, wanaajiri muuzaji. Wakirudi nyumbani wanapokewa na lawama mbili. Ya kwanza ni kwamba wanahamisha mtaji ambao ungejenga kiwanda hapa Mwanza, Ilemela au Nyamagana, na kuwapa vijana kazi. Ya pili ni kwamba wanakwenda kuupoteza kwa watu wasiowajua. Hii ya pili ni nzito na nitaifikia. Ya kwanza inasikika ya kizalendo, lakini inatoka kwa watu ambao hawajasimama kutazama jinsi bei ya dagaa inavyopangwa.

Mnunuzi kutoka nje akifika Mwaloni, hatazami mdomo wa gunia. Anazamisha mkono hadi kwenye kiwiko, anatoa dagaa wa chini, anawasugua kiganjani aone mchanga unaobaki. Anamkunja mmoja karibu na kichwa. Mkavu anakatika, mwenye unyevu anapinda. Hadi hapo kila kitu ni haki yake. Kisha anasema: "Bujumbura bei imeanguka." Muuzaji wa Mwanza hana namna ya kulipima neno hilo. Anapiga simu mbili, anaambiwa vitu viwili, na kwa kuwa mzigo ukinyeshewa usiku huu utaota ukungu, anashuka bei.

Ghala la ng'ambo linatibu jambo hilo kabla ya lingine lolote. Mwenye kijana wake anayefungua stoo kila asubuhi kwenye soko la walaji anajua gunia limeuzwa bei gani jana, nani kanunua, na wachuuzi wamelalamikia nini. Taarifa hiyo haiuzwi popote. Watafiti wa Uppsala, Sweden, waliandika mwaka 1977 kwamba kampuni hujifunza soko la nje kwa kuwemo ndani yake, hatua kwa hatua, na kwamba ujuzi huo haupatikani ukiwa umekaa nyumbani. Walikuwa wanazungumzia viwanda vya Sweden, lakini maelezo yao yanamfaa muuza dagaa wa Kirumba bila kubadilishwa neno.

Ukavu na mchanga ndiyo sehemu wanaolalamikia mtaji kuondoka wanayoiruka. Dagaa wa kichanja, waliokaushwa juu ya meza ya wavu, ni safi kuliko wa kuanikwa mchangani. Mwaloni tofauti hiyo hailipwi ipasavyo, kwa sababu mnunuzi wa jumla anajaza lori kwa kuchanganya mizigo ya watu wengi, na wako anauhesabu kama wa wengine. Kwa hiyo mwanakijiji wa kisiwani haoni sababu ya kununua nyavu na mbao za kichanja. Mwenye ghala Bujumbura anaweza kuyatenga magunia, kuweka alama yake na kudai nyongeza kutoka kwa mchuuzi ambaye amechoka kupepeta mchanga. Nyongeza hiyo ikirudi, inalipia vichanja, turubai za msimu wa mvua, hata mashine ya kufungasha paketi ndogo. Kiwanda cha Ilemela kinachotamaniwa kitasimama pale tu mwenye nacho atakapokuwa na mahali pa kupeleka paketi zake. Kwa dagaa, ghala linatangulia kiwanda.

Hesabu yake hata hivyo haisamehi kirahisi, na wanaolishabikia ghala wana kawaida ya kuipita mbio. Hebu tuifanye kwa namba za mfano, zisichukuliwe kama bei za soko. Mtu ana milioni 100. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikikolea, wavuvi hupumzika siku kama kumi. Katika giza moja la mwezi anaweza kununua na kuuza mara mbili hapohapo Mwaloni. Kwa mwaka ni mizunguko 24. Akipata asilimia 4 kila mzunguko, ana milioni 96.

Mtu huyohuyo apeleke mzigo kwenye ghala lake ng'ambo. Kila mzunguko unampa asilimia 15, lakini fedha inachukua siku 45 kurudi mkononi: kukusanya, kusafirisha, kuvusha, kuuza, kudai. Kwa mwaka ni mizunguko 8, yaani milioni 120. Atoe pango, muuzaji, mlinzi na ushuru wa soko, tuseme milioni 3 kwa mwezi. Anabaki na milioni 84. Amehangaika kuvuka mpaka na amepitwa na jirani yake aliyebaki Kirumba akiuza kwa mkupuo.

Sasa punguza siku 45 ziwe 36. Mizunguko inakuwa 10, jumla milioni 150, toa gharama zilezile 36, anabaki na milioni 114. Siku tisa zimegeuza hasara ya kulinganisha kuwa faida. Ndiyo maana nasema mjadala wa uzalendo umekosea shabaha. Swali la kumuuliza anayefungua ghala ni lini fedha yake inarudi.

Siku hizo tisa zinapotelea mahali panapojulikana. Pa kwanza ni uzito. Dagaa waliopakiwa kabla ya kukauka vizuri huendelea kupoteza maji njiani, kwa hiyo kilo za kwenye ankara na kibali hazilingani na za mzani wa mpakani, na afisa akiona tofauti ana kila sababu ya kulisimamisha lori. Dawa yake inaanzia kisiwani, kwa kukausha hadi dagaa akatike, kisha kupima upya Mwanza asubuhi ya kupakia na kuandika uzito huo na si ule wa siku ya kununua.

Pa pili ni vyeti. Afrika Mashariki ina cheti cha uasili, yaani cha kuthibitisha bidhaa imetoka nchi gani, kilichorahisishwa kwa mizigo isiyozidi dola 2,000, kimewekwa kwa ajili ya mama anayevuka na magunia machache. Wapo wanaopasua mzigo wa lori zima katika vyeti vya namna hiyo ili kukwepa utaratibu mkubwa. Lori moja, dereva mmoja, vyeti kumi vya majina kumi: hilo linaonekana kwa macho, na likikamatwa hupoteza siku nyingi kuliko zilizookolewa. Cheti kamili cha uasili, kibali cha kusafirisha mazao ya uvuvi na cheti cha afya vikikamilika kabla lori halijaondoka Mwanza, na nakala zikamfikia wakala wa forodha Kabanga mapema, kazi yake inaanza kabla ya lori kufika. Kufika mpakani Ijumaa jioni ni kosa la kupanga safari, na ni la kawaida mno.

Pa tatu, panapokula kuliko pote, ni mali kauli. Wachuuzi wengi wa sokoni hawana fedha ya gunia zima. Wanachukua, wanauza, wanaleta. Ukikataa mali kauli huuzi. Ukiikubali bila kipimo, mtaji wako umegeuka kuwa daftari. Wanaofaulu humpa mchuuzi mpya gunia moja tu, na hapati la pili hadi alipie la kwanza, hata akiwa na maneno matamu kiasi gani. Muuzaji awe mwenyeji anayezungumza Kirundi na anayejua mchuuzi fulani anaishi mtaa gani. Kumleta ndugu kutoka Mwanza kunampa mwenye mali usingizi, lakini ndugu huyo hajui amdai nani.

Lawama ya pili sasa, ile ya kupoteza mtaji kwa watu wasiojulikana. Ushahidi wake upo na unauma. Uchumi, duka kubwa la Kenya, lilifunga matawi yake ya Tanzania na Uganda Oktoba 2015 na kuacha wafanyakazi na wasambazaji wakidai. Ilikuwa imetanuka kwa madeni, ikipeleka jina kabla ya kuwa na mnyororo wa kuleta bidhaa kwa bei nafuu huko lilikokwenda. Jirani zaidi na soko letu ni Goma. Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022 na matumaini yakapanda. Mwishoni mwa Januari 2025 Goma ikaangukia mikononi mwa waasi wa M23, katikati ya Februari ikafuata Bukavu, na benki za miji hiyo zikafungwa. Mwenye ghala pale alikuwa na magunia, alikuwa na wateja, na hakuwa na njia ya kutoa fedha yake. Hakuna hesabu ya mizunguko inayozuia hilo. Kinga pekee ni kutoweka ng'ambo mtaji ambao ukipotea, ofisi ya Mwanza nayo inafungwa.

Burundi ina ugonjwa wake mwingine. Bei rasmi ya dola na ya mtaani zimeachana hata kuzidi mara mbili. Anayeandika faida yake kwa bei rasmi anajidanganya: vitabu vinang'aa, na siku ya kuirudisha nyumbani nusu imeyeyuka. Wengi hubadilishana na Warundi wanaohitaji shilingi za kununulia bidhaa Tanzania. Inafanya kazi, hadi siku anapoulizwa risiti.

Na risiti ndiyo inayowaumiza walio waaminifu pia. Fedha ya kufungulia ghala mara nyingi huvuka mpaka mfukoni mwa dereva, wakati Benki Kuu ililegeza masharti ya kuwekeza ndani ya Afrika Mashariki tangu 2014 na njia ya benki ipo. Mtaji uliotoka bila karatasi ukirudi na faida, mkaguzi wa kodi anauona wote kama mapato yasiyo na maelezo. Muhtasari wa kikao cha wakurugenzi ulioamua kuwekeza, hesabu zilizokaguliwa, hati ya kutodaiwa kodi na stakabadhi ya benki ya kutuma fedha ni karatasi nne zinazotenganisha mtaji uliowekezwa na mtaji uliotoroshwa. Kampuni ya Tanzania hutozwa kodi kwa mapato yake ya popote duniani, na kodi iliyolipwa nje inaweza kupunguzwa kwenye ya hapa ikiwa kuna uthibitisho. Mkataba wa Afrika Mashariki wa kuzuia kodi mara mbili ulisainiwa mwaka 2010 na umekaa miaka na miaka bila kuanza kutumika, kwa kuwa nchi zote hazijauridhia. Kama kuna anayetaka kupigania mtaji wa Mwanza, aupiganie mkataba huo.

Wakubwa waliotangulia wanaonyesha mwendo. Benki ya CRDB ilifungua Burundi mwaka 2012, na ikachukua takribani miaka 11 kabla ya kuingia Kongo mwaka 2023. Huko ilichagua Lubumbashi, penye biashara ya madini na barabara ya kuelekea Zambia, na ikaingia pamoja na wawekezaji wa Norway na Denmark ili hatari isiwe yake peke yake. Bakhresa naye, mwenye viwanda vya unga, huko Malawi alinunua kinu kilichokuwa tayari Blantyre badala ya kuanza na msingi. Hakuna kati yao aliyefanya Tanzania kuwa maskini kwa kutoka.

Kwa mwenye milioni 100 mwendo huo unapungua kimo lakini haubadiliki. Msimu wa kwanza ni wakala wa kulipwa kwa gunia. Wa pili ni chumba katika ghala la pamoja. Kusajili kunakuja baadaye, na hapo achague kampuni tanzu, inayosimama kisheria peke yake, kwa sababu deni la tawi ni deni la kampuni mama ya Mwanza moja kwa moja. Mkataba na mbia wa huko uandikwe kabla ya gunia la kwanza kushushwa, ukitaja mambo ambayo watu huona aibu kuyasema: nani anashika ufunguo wa ghala, nani anaruhusiwa kutoa mali kauli na hadi kiasi gani, na magunia ni ya nani siku mmoja wao akifariki.