Tovuti kumi kwa wiki? Maneno yake utayatoa wapi?

Nimetoka kwenye semina moja hapa Dodoma mjini nikiwa nimenuna, na chai ya ukumbini haikusaidia kitu. Mtoa mada alishuka na treni ya SGR kutoka Dar, akasimama mbele yetu sisi wa ofisi ndogo ndogo za kutengeneza tovuti, akatuonyesha slaidi yenye mshale unaopanda juu. Ukitaka kutoa tovuti nyingi kwa muda mfupi, alisema, mambo ni matatu tu: kiolezo kimoja, yaani tovuti iliyokwisha kuchorwa inayosubiri kujazwa, kwa kila kazi, akili mnemba iandike maneno, na vijana wa field kutoka Chuo Kikuu cha Dodoma, UDOM, wabonyeze vitufe. Tovuti kumi kwa wiki. Watu wakapiga makofi. Bosi wangu akaipiga picha slaidi.

Naomba niulize hapa swali ambalo kule kipaza sauti hakikunifikia. Hizo tovuti kumi, maneno na picha zake zinatoka wapi?

Kazi yangu ofisini ni kusimama katikati ya mteja na fundi, kwa hiyo foleni naiona yote. Mtu wa nje anadhani kazi inachelewa kwa fundi. Haichelewi kwa fundi. Kwa WordPress, programu ya kutengenezea tovuti, na kiolezo kilichoandaliwa vizuri, kijana anayejua kazi anasimamisha tovuti ya kurasa saba kwa siku mbili tatu. Domeini, yaani jina la tovuti, ya .co.tz unaisajili kabla chai haijapoa. Cheti cha usalama, kile cha kufuli kwenye anuani, siku hizi ni bure kupitia Let's Encrypt na kinajihuisha chenyewe. Sasa niambie kwa nini kazi ya siku tatu inakaa miezi minne. Inasubiri "Kuhusu Sisi". Inasubiri picha ya mkurugenzi ambaye yuko safari. Inasubiri nembo ambayo mteja anayo kwenye fulana ya Mei Mosi tu, nakala nyingine hakuna. Inasubiri kamati ya watu tisa ikubaliane kama dira ya taasisi ianze na "kuwa" au "kuwezesha".

Kuna mama mmoja ana lodge kule Ilazo. Nikimpigia:

"Shikamoo mama, naulizia yale maelezo ya vyumba."

"Marahaba mwanangu. Hivi nyie si ndio wataalamu? Andikeni tu. Kitanda ni kitanda."

Basi ofisi ikaandika tu, maana bosi alikuwa na haraka ya kufunga kazi. Kiolezo kilikuja na picha zake, tovuti ikapanda hewani, na jioni yake mama akapiga simu akiwa amepandwa na hasira: nani kawaambia nina bwawa la kuogelea? Bwawa, kwenye Dodoma hii ambayo maji tunayapanga kwenye ndoo. Kuna mgeni alishauliza kama watoto wanaruhusiwa kuogelea.

Huyo ni mmoja. Nimeona tovuti ya kijana anayepeleka wageni Kondoa kuona michoro ya miambani ya Kolo, mahali palipoingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2006, halafu ukurasa wa mbele una pundamilia wa Serengeti. Nimeona SACCOS iliyokaa hewani na aya nzima ya Kilatini cha kujazia, yale maneno ya mfano yanayokuja na kiolezo, chini ya kichwa "Masharti ya Mkopo". Hata misa imeachana na Kilatini, SACCOS inakishikilia ya nini?

Akili mnemba nayo, tuongee ukweli. Ukiiambia "andika ukurasa wa kuhusu sisi wa shule ya sekondari Dodoma", itakuandikia Kiswahili kilichonyooka kabisa: sisi ni taasisi inayoongoza kwa ubora, weledi na ubunifu. Futa neno "shule", weka "kiwanda cha mvinyo". Bado inafaa. Weka "kampuni ya ulinzi". Inafaa. Maneno yanayomfaa kila mtu hayamwuzii mtu chochote, na mzazi wa Kongwa anayetafuta shule anataka kujua ada ni kiasi gani, bweni lipo au halipo, na gari la shule linapita njia ipi. Hayo hayapo popote kwenye intaneti ili mashine iyaokote. Yako kichwani kwa mwalimu mkuu, na mengine yako kwenye daftari la mhasibu.

Nakubali, tena kwa shingo upande, kwamba ukishakuwa na maneno ya kweli mashine inasaidia sana kuyafupisha na kuyageuza Kiingereza cha wafadhili. Naitumia mwenyewe. Lakini naipa kitu cha kutafuna kwanza.

Sasa nije kwenye lililoniudhi zaidi, yaani ile imani kwamba ukitaka kumaliza kazi nyingi lazima uanze kazi nyingi. Bosi wangu anaamini hivyo, na bosi wako labda pia. Kila mteja akija na advansi, kazi inaanza leo leo, ili asije akaghairi. Ni yule yule fundi cherehani wa kabla ya Idi, anayepokea vitambaa vya mtaa mzima, anakata kila kimoja ili mwenyewe asiweze kukichukua, halafu usiku wa kuamkia sikukuu watu wako mlangoni na kila gauni lina mkono mmoja.

Hii ina hesabu yake, na wala si ngumu. Mmarekani mmoja, John Little, aliithibitisha mwaka 1961 alipokuwa akichambua foleni: wastani wa muda ambao kazi inakaa ndani ni idadi ya kazi zilizo ndani ukigawanya kwa idadi zinazokamilika kila kipindi. Tuseme ofisi ina kazi 16 mkononi na inamaliza nne kwa mwezi. Kila mteja, kwa wastani, anasubiri miezi minne. Ukipokea nne nyingine bila kuongeza kasi ya kumaliza, wanasubiri mitano. Hakuna aliyekuwa mvivu, hakuna aliyelala, ila wote wamechelewa. Ukishikilia kazi nane tu kwa wakati mmoja na nyingine zikasubiri nje, wale walio ndani wanapata tovuti yao kwa miezi miwili. Mafundi ni wale wale na kompyuta ni zile zile. Na hapo sijagusa hasara ya fundi kuruka kutoka tovuti ya hospitali kwenda ya shamba la zabibu, kisha kurudi hospitali akiwa amesahau alikuwa anarekebisha nini.

Kwa hiyo msimamo wangu ndio huu, na ofisini nimeusema hadi wamenichoka: kazi isiingie kwa fundi kabla maneno na picha hazijakamilika. Hakuna "tuanze na ukurasa wa mbele, mengine yatakuja". Hayaji. Mteja akishaona kitu kinametameta kwenye skrini anaona kazi imekwisha, hamu ya kutafuta picha inamtoka, na ninyi mnabaki na tovuti nusu na malipo nusu.

Watu wataniambia mteja wa hapa haleti maudhui hata umfanyeje. Ni kweli haleti, kwa sababu tunamwomba vibaya. Unamtumia mfanyabiashara wa soko la Majengo ujumbe wa WhatsApp: "Tunaomba content ya website." Alete nini? Angekutumia "sawa" na kidole gumba, na ndivyo anavyofanya. Mfuate. Panda bajaji, nenda na simu yenye kamera nzuri, piga picha za duka lake mwenyewe asubuhi kabla jua halijawa kali, kisha washa kinasa sauti umwulize maswali ya kawaida. Nani alinunua kwako jana? Alikuwa anatafuta nini? Watu wanakupigia kuuliza nini kila siku? Mtu ambaye angeshindwa kuandika aya moja ataongea nusu saa bila kupumua, na ndani ya hiyo nusu saa kuna kurasa nne. Mama wa Ilazo, aliyeniambia kitanda ni kitanda, nilipomfuata alinieleza kwamba wakati wa Bunge la bajeti wageni wake wanataka pasi, meza ya kuandikia na chai ya saa kumi na moja alfajiri, na kwamba vyumba vya nyuma havisikii kelele za baa ya jirani. Kiolezo gani kingejua hilo?

Na kazi hiyo ya kumfuata mteja iwe na bei yake kwenye ankara, mstari wake peke yake. Muda wa mkataba uanze kuhesabiwa siku maudhui yametimia, si siku ya advansi. Kwenye taasisi atajwe mtu mmoja mwenye mamlaka ya kusema "imepita", kwa jina na saini, ili kamati ya tisa imalizane naye huko huko. Awamu ya mwisho ya malipo isifungwe kwenye maneno "tovuti ikikamilika", maana kwa mteja mwenye kamati tovuti haikamiliki.

Violezo? Vitumike, nani kakataa. Ofisi yenye akili inajenga msingi mmoja wa kwake, wenye ukurasa wa bei, fomu, ramani na orodha ya huduma, vyote vimekwisha kujaribiwa kwenye simu za bei rahisi, badala ya kushusha kiolezo kipya cha Wazungu kwa kila kazi. Ila jua kwamba tovuti arobaini zenye plugini moja, kile kiprogramu cha kuongezea tovuti uwezo, zina tundu lile lile la wadukuzi mara arobaini siku plugini hiyo ikiharibika, kwa hiyo awepo mtu wa kuzihuisha na kutunza nakala rudufu, na mteja alipie kwa mwaka. Na fomu zile za mawasiliano zinazonakiliwa bila kufikiri: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeanza kufanya kazi tangu Mei 2023, wakati namba za simu za watu bado zinatua kwenye barua pepe ya mfanyakazi aliyekwisha acha kazi.

Vijana wa field nawapenda, wana njaa ya kujifunza. Lakini kijana anakaa wiki chache, na zote anahitaji mtu wa kumkagua, na mkaguzi ni yule yule fundi mkuu mliyetaka kumpunguzia mzigo. Wapeni kinasa sauti na daftari kwanza.

Mwaka wa fedha wa Serikali unafungwa tarehe 30 Juni, na miradi mingi inayoishi pembeni ya Serikali hapa Dodoma inafuata kalenda hiyo. Kuanzia Mei simu zitakuwa zile zile: tunataka iwe hewani kabla ya tarehe thelathini. Jibu langu nimeshalikariri: leteni maudhui Aprili, au mnipe siku moja nije kuyachukua.

Bosi anasema nikijibu hivyo wateja watakimbilia kwa yule anayetangaza tovuti ndani ya saa 24 kwa laki moja na nusu. Ndiyo, wapo watakaokimbia, tena nawatakia safari njema. Baadhi yao huwa wanarudi, domeini imesajiliwa kwa jina la fundi, nenosiri hawana, na simu ya fundi haipatikani. Kuwatoa huko nayo ni kazi, na tunaiandikia ankara yake.