Jicho Kavu Linalotiririka Machozi

Karibu miezi minne nilikuwa nalia kazini, na msiba sina. Nikikaa kwenye kompyuta tangu asubuhi, ikifika saa nane mchana macho yanachoma kama yametiwa mchanga, machozi hayakatiki. Duka la dawa la mtaani waliniuzia chupa ya matone bila kuniuliza swali hata moja. Wekundu ukaisha, nikawasifu. Wiki mbili baadaye ukarudi.

"Macho yako makavu," daktari akaniambia. Makavu, na leso imelowa? Akanigusisha kijikaratasi cha rangi ya chungwa ndani ya kope, akamulika taa ya buluu, akaniambia nisipepese. Akahesabu. Hajafika tano, utando wa machozi umeshakatika. Kwa kawaida hudumu sekunde kumi au zaidi.

Kumbe machozi si maji ya chumvi tu. Chini kuna ute unaoyanatisha kwenye jicho. Katikati maji yenye lisozimu, kinga inayopasua bakteria, ambayo mwanasayansi Alexander Fleming aliieleza mwaka 1922 baada ya kuwatoa watu machozi kwa limau. Juu kabisa ni mafuta, na hapo ndipo palipoharibika kwangu. Yanatoka kwenye vitundu vya ukingoni mwa kope. Vitundu vikiziba, maji hukauka upesi, jicho huwasha, mwili hujibu kwa kumwaga maji mengine yanayoishia shavuni. Daktari aliniminya kope: badala ya mafuta mepesi, ikatoka kitu kizito kama dawa ya meno.

Wengine sababu yao ni umri, kukoma hedhi, moshi wa kuni, vidonge vya mzio, au makovu ya ugonjwa wa vikope (trakoma). Mtoto aliyekosa vitamini A anaweza hata kupofuka. Yangu ilikuwa kukodolea kioo. Mtu hupepesa kama mara 15 kwa dakika, mbele ya kompyuta hata nusu hafiki. Na feni usoni.

Kinachoniudhi ni ile chupa. Ilikuwa na steroidi, dawa ambayo ukijitilia kiholela inaweza kupandisha presha ya jicho na kuleta mtoto wa jicho. Dawa ya namna hiyo isiuzwe bila cheti cha daktari, basi.

Siku hizi nakanda kope kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu, dakika kumi kila jioni. Feni nimeielekeza ukutani, na jirani yangu wa meza ananinunia kwa joto.