Tansio ya vita haingoji vita iishe

"Vita ikiisha itashuka yenyewe." Ndivyo alivyoambiwa mama mmoja wa mtaa wetu hapa Goma, mashariki mwa Kongo, muuza sambaza (samaki wadogo wa Ziwa Kivu) pale Kituku, alipopimwa tansio, yaani shinikizo la damu, akakutwa na 178 kwa 104. Angeambiwa na jirani au mtu wa chumba cha sala ningenyamaza. Aliambiwa na mtu wa blauzi nyeupe kama mimi, ndani ya kituo cha afya. Mama wa watu akarudi nyumbani, akapandisha vidonge vyake juu ya kabati, akaanza kungoja amani. Imeniuma, na sitaki mama mwingine wa Goma aambiwe vile.

Kwamba vita inapandisha tansio, nani atabisha hapa? Januari 2025 mabomu yalipoanguka mjini, kila mmoja wetu aliusikia moyo wake kooni. Neva za simpathetiki, zile zinazoushtua mwili wakati wa hatari, zinatoka kwenye uti wa mgongo na haziombi ruhusa. Mlio mmoja tu, zinamwaga noradrenalini, ndugu yake adrenalini, kwenye moyo na mishipa, tezi zilizo juu ya figo zinaongeza adrenalini, moyo unakwenda mbio, mishipa inajikaza, tansio inapanda. Walter Cannon, mwanafiziolojia wa Marekani, alieleza mwaka 1915 kwamba hivyo ndivyo mwili unavyojiandaa kupigana au kukimbia. Na ni kazi njema. Waliokimbia lava ya volkano ya Nyiragongo usiku wa tarehe 22 Mei 2021, watoto mgongoni, walipewa miguu na neva hizohizo.

Kosa linaanza pale tunapodhani kwamba kilichopandishwa na neva kitashushwa na utulivu. Hapa twende polepole, kwa sababu hapa ndipo watu wanapofia. Neva hizo haziishii moyoni, zinaingia mpaka ndani ya figo. Zikiisukuma, figo inatoa renini. Kutokana na renini inapatikana angiotensini, ambayo inakaza mishipa na kuamsha aldosteroni, homoni inayoiambia figo ishike chumvi. Mwishowe figo inashikilia chumvi na maji ambayo ingeyatoa kwenye mkojo. Hapo hofu imeshageuka chumvi na maji, na chumvi haitoki mwilini eti kwa sababu umeambiwa "mama, wacha mawazo." Wakati huohuo mishipa midogo, kwa kubanwa mchana na usiku, inanenepa kuta na njia ya damu inazidi kuwa nyembamba. Na kuna jambo linalonitisha kuliko yote. Kwenye mshipa mkubwa wa shingo na kwenye aota, mshipa mkubwa unaotoka moyoni, kuna vipokezi vinavyoipima tansio na kuituliza ikizidi. Ikikaa juu muda mrefu, vipokezi vinaizoea. Vinaanza kuiona 170 kuwa hali ya kawaida, na ikishuka kidogo vinaipandisha tena. Na yule mama alikuwa akisema hasikii kitu, kichwa hakimuumi, usingizi anapata. Amani ingetangazwa kesho asubuhi, angeamka na tansio yake ileile.

Nilimweleza hayo huku akinipimia sambaza kwa kikombe, magamba yanang'aa mpaka kwenye viwiko vyake. Akaniuliza, "Sasa mwanangu, dawa itaniondolea vita?" Haitaiondoa, mama, lakini itasimama kati ya vita na mishipa yako. Amlodipini inalegeza mishipa hata neva zikiendelea kuikaza. Enalaprili inakata njia ya renini na angiotensini. Kidonge cha kukojoza kinatoa chumvi na maji. Propranololi na ndugu zake, zilizotokana na kazi ya James Black, aliyepewa Nobel mwaka 1988, zinaziba pale adrenalini inapogusa moyo (na hizo, jamani, usiziache ghafla, moyo unaweza kuchachamaa vibaya). Methildopa, tunayowapa wajawazito, inatuliza neva kuanzia ubongoni. Hakuna hata moja inayosubiri wakubwa waweke sahihi. Yule mama amerudia vidonge vyake. Kipimo cha juzi kilikuwa 136 kwa 84, na usiku wake milio ya silaha ilikuwa imesikika upande wa Sake, mji jirani.

Rais Franklin Roosevelt wa Marekani aliongoza vita ya dunia nzima akiwa na tansio iliyopita 200. Madaktari wake walimpunguzia chumvi, sigara na kazi; dawa ya kuishusha kweli haikuwepo. Tarehe 12 Aprili 1945 damu ilivuja ubongoni, kipimo kikasoma 300 kwa 190, akafa siku hiyohiyo. Rais wa Marekani alikosa kile ambacho muuza sambaza anaweza kukipata kwenye famasi ya mtaa wa Birere, halafu sisi tunamwambia angoje!

Zamani wapasuaji waliwahi kuzikata neva hizo za simpathetiki kwa wenye tansio kali. Tansio ya wengi ilishuka, lakini mtu akisimama anazirai. Siku hizi kuna mrija unaopitishwa mshipani kuchoma neva za figo, Marekani iliuruhusu mwaka 2023. Unashusha kiasi, na hauondoi haja ya vidonge kwa wengi.

Makayabu (samaki wa chumvi) na kube za mchuzi tupunguze, sibishani. Anayekoroma mpaka pumzi inakatika naye akapimwe, neva zake hazipumziki usiku.

Ila sisi wa blauzi nyeupe tuna la kujibu. Mtu ametoka mtaa wa Ndosho kwa miguu, amepanda na kushuka juu ya mawe ya volkano, amesimama kwenye foleni, hajaketi vizuri tumeshamfunga mkono na kumuuliza yuko na watoto wangapi. Pale tunazipima neva zake za dakika ileile. Aketi dakika 5, mgongo umeegemea, miguu chini, mkono usawa wa moyo, mdomo umefungwa, mkojo umetoka. Tupime mara mbili, na siku nyingine turudie. Ikibaki 140 kwa 90 au zaidi, basi ni ugonjwa, na ugonjwa unatibiwa leo.

Na wanaopanga misaada wanisikie. Watu wanapokimbia wanabeba godoro, sufuria na mtoto. Vidonge vinabaki juu ya kabati. Wanapofika, tunawahesabia maturubai na unga, tunauliza kuhusu malaria na kipindupindu, na tunafanya vizuri. Lakini mzee wa miaka 60 aliyelala barabarani siku kadhaa bila dawa yake haulizwi na mtu. Tansio iulizwe palepale anapoandikishwa jina, na amlodipini iwe kwenye kartoni la kwanza, pamoja na chumvi za kunywa mtu anapoharisha.