Zimeni hicho kinanda tusikie barafu

Hivi nani aliwaambia watu kwamba barafu huyeyuka kimya? Kila video ya Greenland au Antaktika lazima iwekewe kinanda cha huzuni, wakati huko kwenyewe kuna kelele balaa na sisi hatusikii chochote.

Barafu ya kule ni theluji iliyolaliwa na theluji nyingine miaka na miaka mpaka ikashindiliwa, na hewa iliyokuwemo ikabanwa ndani kwenye viputo, sasa kipande kikimeguka kikaingia baharini na kuanza kuyeyuka vile viputo vinapasuka kimoja kimoja, pa, pa, pa, ukisikiliza chini ya maji utadhani mafuta ya moto yamedondokewa na maji. Na hewa yenyewe inaweza kuwa ya maelfu ya miaka! Wanasayansi walizamisha mikrofoni Icy Bay, ghuba ya Alaska, Marekani, ambako barafu humeguka na kuingia baharini, utafiti ukatoka 2015, wakakuta ghuba za namna hiyo ni kati ya sehemu zenye kelele kuliko zote baharini. Wanahisi pengine sili, wale wanyama wa baharini wanaowindwa na nyangumi, wanajificha humo ili nyangumi wauaji wasiwasikie. Wajanja hao.

Kwa wanaoishi huko sikio ni kitendea kazi. Mwindaji wa Greenland akiwa juu ya bahari iliyoganda huigonga barafu kwa mti wenye ncha ya chuma kabla hajakanyaga, mlio na namna ncha inavyoingia ndivyo vinamwambia kama itambeba. Shida siku hizi barafu inachelewa kuganda na inawahi kuondoka, kwa hiyo alichofundishwa na wazee wake kinaanza kumwangusha. Mi hasara naiona hapo kuliko kwenye grafu za barafu inavyopungua.

Ila sio kila anayesikia barafu ikipasuka analia jamani. Pale Nenana, Alaska, tangu 1917 watu wanacheza kamari kubashiri siku, saa na dakika barafu ya mto Tanana itakapovunjika, wanasimamisha nguzo za mbao juu yake, waya unavutwa mpaka kwenye saa iliyoko ukingoni, barafu ikisogea saa inasimama na mtu anachukua hela. Baada ya baridi lile, ni habari njema. Mwaka 2019 iliondoka Aprili 14, mapema kuliko mwaka wowote tangu waanze, na walioshinda walilipwa kama kawaida.