Cheti cha simu na mkanda wa chumvi

Kwenye viwanda vya chumvi vya Gongoni na Marereni, kaskazini ya Malindi, vibarua huja na kuondoka kufuatana na jua na mvua. Ndiyo maana mafunzo ya usalama kazini kwa njia ya simu yanawavutia waajiri: mtu akiandikwa asubuhi, anatazama video, anajibu maswali, anapata cheti kabla ya adhuhuri. Hakuna kumngoja mkufunzi atoke Mombasa.

Hoja hiyo ina uzito. Mkufunzi wa mara moja kwa mwaka akirudi hukuta sura nyingine kabisa. Tena yapo mambo yanayofundishika vizuri kwenye simu: kunywa kama robo lita ya maji kila dakika 15 hadi 20 juani bila kungoja kiu, kutouzima moto wa umeme kwa maji, kufunika kidonda cha mguu kabla ya kuingia bwawani. Video fupi ya Kiswahili au Kigiriama itayafikisha kuliko tangazo la Kiingereza lililobandikwa ofisini.

Kwenye mashine mambo hubadilika. Chukua mkanda unaopandisha chumvi kinuni, umekwama kwa bonge lililoganda kwenye rola. Kozi itafundisha: zima, kata umeme kwenye swichi kuu, tia kufuli na ufunguo ukae nao mwenyewe, ning'iniza kibao chenye jina lako, ondoa nguvu iliyobaki, kisha jaribu kuwasha. Mtu anaweza kuzikariri hatua hizo zote, akapata alama zote, na bado akapoteza vidole.

Hiyo "nguvu iliyobaki" ndiyo inayowaponza wengi. Mkanda wa mwinuko uliojaa chumvi unaweza kurudi nyuma kwa uzito wake, umeme ukiwa umekatwa kabisa. Anayeling'oa bonge kabla ya kupunguza mzigo au kuufunga mkanda usirudi, mkono wake uko palepale rola inapomeza. Swichi nayo ni habari nyingine. Ya kwenye video inang'aa, ya kiwandani imeliwa na chumvi. Mpini umefika pa kuzimia, kumbe ndani mguso mmoja, kile kipande kinachounganisha umeme, umeng'ang'ania. Mota ya fezi tatu, yaani inayoletewa umeme kwa nyaya tatu, ikibakiwa na fezi moja haianzi kuzunguka, kwa hiyo anayejaribu kuwasha ataona kimya na kuamini pako salama, halafu fundi akifungua boksi la nyaya apigwe shoti. Dawa yake ni fundi kupima kila waya kwa mita, na mita yenyewe ijaribiwe kwanza pale panapojulikana kuna umeme. Mambo haya hushikwa mtu akiwa amesimama mbele ya mkanda uleule atakaoufanyia kazi.

Hata hivyo, tusiwapambe wakufunzi wa ana kwa ana. Hotuba ya ukumbini yenye picha za ukutani ni video ileile, ila ina chai na mandazi. Udhaifu wa simu ni kwamba msimamizi mmoja anaweza kuwajibia watu kumi maswali, na majibu yakikosewa yanarudiwa mpaka yabahatike.

Kuhusu gharama sioni ubishi. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwenye mahali pa kazi atoe taarifa, maelekezo, mafunzo na usimamizi. Kwa hiyo bando ni lake, na saa ya kutazama video ni saa ya kazi. Kibarua anayelipwa kwa kiasi alichovuna akiambiwa atazame nyumbani, ataigusa skrini mpaka mwisho bila kusikiliza, na ni vigumu kumlaumu.

Basi video ibaki, ila cheti kiwe na tarehe mbili: ya kumaliza kozi, na ya siku aliposhuhudiwa akikata umeme, akitia kufuli na kuupunguzia mkanda mzigo. Ikikosekana ya pili, apangiwe kazi mbali na mashine.