Picha ya Moshi Iende Arusha kwa Njia Gani? Hoja za Kubadilishana Data Kaskazini na Hoja za Kuiachia Dar

Mtu anayetoka Marangu kwenda Same hana haja ya kwenda kwanza Moshi mjini kutafuta basi. Anateremka hadi Himo, anashuka Njia Panda, anavuka barabara na kusubiri gari linaloelekea Same. Barabara mbili zimekutana, abiria kabadilisha gari, safari inaendelea.

Data haina bahati hiyo kila mara. Kuna kituo cha afya mjini Moshi ambacho humtumia daktari aliye Arusha picha za eksirei ili azisome. Kati ya miji hiyo ni kilomita 80 hivi. Kituo kinanunua intaneti kwa kampuni moja, daktari ananunua kwa nyingine. Waliponiita kwa sababu picha zilikuwa zinachelewa, nilifuatilia njia nodi baada ya nodi, yaani kila mashine inayopokezana data njiani. Pakiti, yaani vipande vya data ya picha, ziliteremka Dar es Salaam, zikaingia kwenye mkongo wa baharini, zikafika Ulaya, zikahamia huko huko kwenye mtandao wa kampuni ya pili, zikarudi Dar, ndipo zikapanda Arusha. Picha ya mbavu za mgonjwa wa Pasua ilipita bara jingine ili ifike Sakina.

Niliwasimulia mafundi wenzangu wawili habari hiyo, wakagawanyika. Mmoja, wa Moshi, anasema kila mkoa ujengewe kituo chake cha kubadilishana data, mahali kampuni za intaneti zinapokutanisha mitandao yao, na Kilimanjaro ianze. Mwingine, wa Arusha, anasema hiyo ni fedha ya kumwaga: Dar inatosha, data tunayoitumia huku haizaliwi huku. Nimeyatafakari maneno yao tangu siku ile, na naona kila mmoja ana hoja nzito ambayo mwenzake hajaijibu.

Kwanza tuelewe kwa nini pakiti ilifika Ulaya, maana wengi hudhani ni hitilafu. Si hitilafu. Picha ikitumwa hukatwakatwa vipande vidogo, ndizo pakiti, kwa kawaida kila kimoja hakizidi baiti 1,500, na kila kipande hubeba anwani ya mtumaji na ya mpokeaji. Ruta inayokipokea, yaani mashine inayoelekeza data njiani, haijui safari nzima. Inasoma anwani ya mwisho, inatazama jedwali lake, inakikabidhi kwa jirani anayefaa, basi. Jirani naye anafanya vivyo hivyo. Kila ruta hupunguza moja kwenye namba fulani iliyoandikwa juu ya pakiti, na namba hiyo ikifika sifuri pakiti hutupwa na mtumaji huarifiwa, ili kilichopotea kisizunguke milele. Ni kwa kuichezea namba hiyo ndipo fundi huweza kuzihesabu nodi zilizo njiani.

Ndani ya mtandao wa kampuni moja, ruta zinaweza kukokotoa njia fupi kweli kweli. Hesabu yake aliichapisha Mholanzi Edsger Dijkstra mwaka 1959 na inatumika mpaka leo. Mambo hubadilika kati ya kampuni na kampuni. Hapo inatawala itifaki iitwayo BGP, yaani kanuni ambazo mitandao huzitumia kuelekezana njia, ambayo wahandisi Kirk Lougheed na Yakov Rekhter waliichora mwaka 1989 juu ya karatasi za kufutia mikono wakati wa chakula cha mchana. Kwa BGP, kila mtandao huwatangazia majirani zake: anwani hizi na hizi zinafikika kupitia kwangu, na hii ndiyo orodha ya mitandao utakayopita. Hakuna kilomita humo, wala muda wa safari. Na kabla hata ya kuhesabu urefu wa orodha, kampuni hutazama mfuko: hupendelea njia ya mteja anayeilipa, kisha ya mwenzake wanaobadilishana naye bure, na mwisho kabisa ile inayoilipia yenyewe. Kama kampuni mbili za Arusha hazijakubaliana kukutana mahali popote nchini, zitakutana pale wauzaji wao wakubwa wanapokutana. Mara nyingi ni Ulaya. Picha yetu ilifuata mikataba.

Kituo cha kubadilishana data ndiyo Njia Panda ya mitandao. Ukiingia ndani utakuta chumba chenye baridi, swichi ya kuunganisha kebo, umeme wa uhakika, na kebo kutoka kila kampuni. Dar es Salaam iko TIX, iliyoanzishwa na watoa huduma za intaneti wenyewe mwanzoni mwa miaka ya 2000. Na Arusha nayo ina kituo chake tangu muongo huo huo, AIXP, jambo ambalo wakazi wengi wa jiji hili hawalijui. Miji mingi ya Afrika isiyo makao makuu ya biashara haikuwa na kitu kama hicho wakati huo. Kwa hiyo swali la kweli si kama kaskazini ianze; ilikwisha kuanza. Swali ni kama inafaa tuendelee kukilisha kituo hicho, na kuzaa vingine, wakati Dar imekuwa kubwa kiasi kile.

Fundi wa Arusha anayesema Dar inatosha ana hesabu upande wake. Mwanga ndani ya faiba, nyuzi za kioo zinazobeba data, husafiri kilomita 200,000 hivi kwa sekunde. Kwenda Ulaya na kurudi kwa mkongo wa baharini huchukua milisekunde 100 na zaidi, kuchelewa ambako mtu anaweza kukuhisi. Lakini Arusha hadi Dar ni kilomita 600 na kitu: kwenda na kurudi ni milisekunde sita au saba, hata ukiongeza ucheleweshaji wa ruta njiani bado ni kitu ambacho sikio wala jicho halikigundui. Faida kubwa ya kasi inapatikana data inaporudishwa kutoka Ulaya hadi Dar. Hatua ya pili, ya kuirudisha kutoka Dar hadi Arusha, inaongeza kidogo mno. Anayepigania vituo vya mikoani kwa hoja ya kasi peke yake anashindwa hapo hapo.

Kisha kuna suala la kinachosafirishwa. Kijana wa Ngarenaro au wa Majengo akifungua simu, sehemu kubwa ya bando lake huliwa na video. Kampuni kubwa za video huweka nakala za vitu vinavyotazamwa sana karibu na watu wengi, na penye watu wengi ni Dar. Tena huyo kijana yuko kwenye simu. Mnara uko jirani na kwao, lakini data ya simu haitoki mnarani kuingia intaneti. Hubebwa kwanza hadi lango kuu la kampuni ya simu, na malango hayo huwa machache kwa nchi nzima. Kama lango liko Dar, hata kituo cha kubadilishana kingekuwa chini ya mnara ule, pakiti ingekipita bila kukisalimia. Hoja hii ndiyo iliyonitikisa zaidi, kwa sababu watumiaji wetu wengi wako kwenye simu.

Na utalii, uti wa mgongo wa jiji hili? Kampuni ya safari ya Njiro inaweka tovuti yake kwenye seva iliyo Ujerumani au Marekani, na inafanya vyema. Mteja anayelipia kwenda Serengeti yuko huko. Kumwambia mwenye kampuni arudishe seva Arusha kwa uzalendo ni kumwambia aiweke mbali na mnunuzi.

Kuna pia hatari ambayo wapenda vituo vingi huikwepa. BGP hujengwa juu ya kuaminiana. Tarehe 24 Februari 2008 Pakistan Telecom ilitaka kuifunga YouTube ndani ya Pakistan, ikatangaza njia ya uongo ya anwani zake. Mtandao mkubwa uliokuwa juu yake ukaipokea bila kuichuja na kuisambaza, na kwa takriban saa mbili maombi ya YouTube kutoka kila pembe ya dunia yakawa yanaelekea Pakistan na kuishia huko. Tangazo moja baya, mahali pamoja pasipochujwa. Kituo kidogo chenye fundi mmoja anayeitwa usiku kutoka Usa River ndicho mahali pa kosa kama hilo. Siku hizi kuna saini za kidijiti zinazothibitisha nani ana haki ya kutangaza anwani zipi, na AFRINIC ya Mauritius, inayogawa anwani kwa Afrika, inazitoa kwa wanachama wake. Lakini saini isiyokaguliwa haimzuii mtu.

Basi kwa kasi, kwa wingi wa data, na kwa usimamizi, Dar inashinda. Nilikuwa karibu kumkubalia yule wa Arusha moja kwa moja, nikakumbuka Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024.

Siku hiyo mikongo miwili ya baharini, EASSy na Seacom, ilikatika upande wa Afrika Kusini, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia sana. Jumatatu yake nilikuwa Moshi. Shule moja ilishindwa kufungua mfumo wake wa alama kwa sababu seva iko ng'ambo. Hilo linaeleweka. Kilichoniuma ni ofisi mbili za mji huo huo, zinazotazamana barabarani, kushindwa kutumiana faili, kwa kuwa njia kati yao ilipita nje ya nchi. Mkongo uliokatika maelfu ya kilomita kutoka hapa uliwatenganisha majirani.

Mhandisi wa Marekani Paul Baran alilieleza jambo hili mwaka 1964, hata kabla intaneti haijakuwapo. Alilinganisha mitandao ya aina tatu, na ule wenye umbo la nyota, kila uzi ukielekea kitovu kimoja, ndio dhaifu kuliko yote: piga kitovu, kila ncha inabaki peke yake. Wazo la kukata ujumbe vipande na kuacha kila kimoja kitafute njia lilizaliwa ili kukwepa umbo hilo. Ukichora njia za data za kaskazini leo unapata nyota, na kitovu chake ni Dar. Kuikata nyota hiyo hakuhitaji vita. Greda linalopanua barabara linatosha, au mto uliobeba daraja pamoja na faiba iliyofungwa ubavuni mwake.

Kwa sababu hiyo kituo cha Arusha nakipigania, kwa ajili ya siku chache mbaya za mwaka. Ila nikiri kwamba kwa hali ilivyo, siku mbaya ikija kitasaidia kidogo kuliko wanavyodhani wanaokisifu. Picha ya eksirei ingepita, kama kampuni zote mbili zingekuwa zinabadilishana hapo. Lakini kompyuta ya kituo cha afya haianzi na anwani, inaanza na jina, na jina linageuzwa anwani na mfumo wa majina, DNS. Kama seva inayojibu majina iko Dar au ng'ambo, njia ya Moshi hadi Arusha inaweza kuwa nzima na bado kompyuta isijue pa kwenda. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook ilitoweka duniani kwa karibu saa sita: seva zake zilikuwa nzima na data ilikuwa salama, ila njia za kufikia seva zake za majina zilikuwa zimeondolewa kwenye matangazo ya BGP.

Kwa hiyo fedha ya kwanza ya kaskazini ningeiweka kwenye seva za majina na nakala za mifumo ya hapa hapa, zikae chumba kimoja na ile swichi ya Arusha. Jiji lenye makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, Mahakama ya Afrika na Chuo cha Nelson Mandela kule Tengeru halikosi data yake lenyewe. Ya pili ningeiweka Namanga. Mkongo wa Taifa unaungana na Kenya pale, na kutoka Arusha ni kilomita 110 hivi. Mwezi ule wa Mei Kenya nayo ilitikisika, lakini ilikuwa na mikongo mingine Mombasa ya kukimbilia. Arusha inaweza kutazama pande mbili, jambo ambalo miji michache ya nchi hii inaliweza, na kituo cha kubadilishana kilichokaa kati ya njia ya Dar na njia ya Nairobi kina thamani ambayo hesabu ya milisekunde haiionyeshi.

Kwa Moshi namkatalia rafiki yangu. Kilomita 80 ni chini ya milisekunde moja kwenda na kurudi. Kituo cha pili karibu hivyo kingegawa kampuni ambazo tayari ni chache, na kituo chenye kampuni mbili si njia panda. Moshi inahitaji faiba mbili za kwenda Arusha zisizopita njia moja: ya kwanza kando ya barabara kuu, ya pili juu ya nguzo za umeme mkubwa, ili greda moja lisizikate zote.

Kingine kinachokosekana hakijengwi kwa saruji. Nairobi ilifungua kituo chake Novemba 2000, kikafungwa baada ya wiki mbili hivi kwa malalamiko ya Telkom Kenya, iliyodai haki yake ya ukiritimba imevunjwa. Kilifunguliwa tena Februari 2002. Mashine zilikuwa zipo muda wote huo. Kilichosubiriwa ni ruhusa ya washindani kukutana. Hata hapa, kampuni kubwa haina haraka ya kubadilishana bure na ndogo ambayo ingeweza kuiuzia njia, na kibiashara siwezi kuilaumu. Ndiyo maana naona mdhibiti wa mawasiliano angefaa kudai jambo moja tu: data inayoanza na kuishia nchini isilazimike kutoka nje ya nchi. Mahali pa kukutania wachague wenyewe.

Kuhusu ile eksirei, kampuni zote mbili zina ruta Arusha. Kutangaziana anwani ni mistari michache ya usanidi kila upande na barua ya makubaliano. Niliwaandikia wote wawili. Mmoja amejibu kwamba yuko tayari. Wa pili anasema suala limepelekwa makao makuu, Dar.