Visiki vya miombo navyo vihesabiwe

Nimekulia Sikonge, mkoa wa Tabora, kwenye nyumba ya tumbaku, kwa hiyo habari za miti sikuzisoma, nimezibeba kichwani kwa maana ya kubeba kuni. Tumbaku yetu ya mvuke inakaushwa kwenye bani, yaani banda la kukaushia kwa moto, na bani likishawashwa linakula kuni usiku na mchana karibu wiki nzima, ukiuacha moto ufe katikati jani limeharibika na mkopo wa mbolea kule chama cha msingi unabaki palepale. Mwanzoni kuni tulikuwa tunakata nyuma ya nyumba, miaka michache mbele tukawa tunakodi mkokoteni. Mzee wangu hakuwa adui wa pori, alikuwa na ada zetu za kulipa.

Halafu wakaja watu na miche. Mikaratusi. Tukapanda, wakapiga picha, wakaandika idadi, wakaenda. Kiangazi kilipofika mchwa na jua vilimaliza mingi. Wakati huohuo lile shamba la zamani tuliloliacha limechoka lilikuwa limechipua lenyewe, yaani visiki vimetoa machipukizi yananizidi kimo, maana miombo, hii miti yetu ya asili, ndivyo ilivyo, unakata juu lakini mizizi iko hai, mradi usiing'oe na moto wa kiangazi usipite kila mwaka. Hakuna hata mmoja aliyekuja kuyahesabu yale machipukizi. Hilo linaniuma mpaka leo.

Na ugonjwa huu wa kuhesabu miche tu umetoka juu kabisa. Mkataba wa Kyoto wa 1997 wa mabadiliko ya tabianchi ulipowekewa kanuni zake mwaka 2001, nchi kama yetu ziliruhusiwa kuuza kaboni ya miti iliyopandwa, yaani kulipwa kwa hewa chafu inayofyonzwa na miti hiyo, lakini kuuzuia msitu uliopo usikatwe hakukuingia kwenye hesabu. Mpaka Bali 2007 ndo mazungumzo ya kulipia msitu uliosimama yakaanza rasmi kwenye mikutano ya dunia ya tabianchi, na sisi Tanzania kanuni zetu za biashara ya kaboni zimetoka 2022 juzi tu. Miaka yote hiyo mabani yanawaka.

Sisemi hakuna kizuri. Jirani zetu wa wilaya ya Tanganyika, Katavi, vijiji vinavyotunza msitu wa Ntakata vinalipwa hela ya kaboni na vimejenga madarasa na zahanati, lakini angalia walianza na nini, walianza na mpango wa matumizi ya ardhi, kijiji kinajua mpaka wake na msitu ni wa kijiji kwa karatasi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ipo tangu 1999, shida ni kupima. Kijiji ambacho hakijapimwa utakilipaje?

Ila pale kuna msitu mkubwa bado umesimama. Tabora sehemu nyingi tuna mashamba yaliyoachwa, vichaka vya miaka mitano, kumi, na mwenyewe ni mkulima mmoja ambaye mwakani anaweza kulifyeka tena. Huyo ndo nataka sera imtazame. Wasukuma wa Shinyanga walishaonyesha njia, ngitili zao, unatenga eneo linapumzika majani na miti inarudi, na mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) ulioanza 1986 ukajenga juu ya desturi hiyohiyo badala ya kuleta miche tu. Na kampuni zinazonunua tumbaku, gharama ya kuni iingie kwenye bei ya kilo, kwa sababu sasa hivi anayeilipa ni mkulima na pori lake, na lawama za mabadiliko ya tabianchi anabebeshwa yeye yule wakati viwanda vilivyoanza kuichafua hewa viko mbali sana na Sikonge.

Msimu huu mdogo wangu anataka kulifyeka lile shamba alime mahindi. Miti yake sasa inafika paa la nyumba. Nimemwomba asubiri, nimempelekea mizinga minne ya nyuki aitundike, akaniuliza, "Kaka, asali ya mizinga minne italisha watoto mpaka mwezi wa ngapi?" Nimepiga hesabu, haifiki Desemba.